Kozi nne kiangazi cha kwanza chuoni, na kazi ya usiku juu yake

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 20, kwetu Sengerema, mkoani Mwanza. Mama alipata green card ya bahati nasibu, na mwezi wa tatu mwaka jana tukaja Columbus, Ohio: yeye, mimi na mdogo wangu wa kiume. Baba alishatangulia mbele ya haki. Tunaishi kwa mama mdogo, ambaye ana miaka mingi hapa na nyumba yake mwenyewe. Mama anabeba maboksi kwenye ghala. Mimi nilisoma kozi fupi ya kuhudumia wagonjwa, nikapata cheti, na sasa nalea wazee usiku, zamu nne za saa nane nane, jumla saa 32 kwa wiki.

Nyumbani nilimaliza Kidato cha Sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Nataka kuwa nesi. Nimepata nafasi chuo cha jamii, ndiyo hii komyuniti koleji kama wanavyoiita hapa, na fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa ada wa serikali, nimeshajaza. Muhula wa kawaida unaanza mwishoni mwa Agosti, lakini mama mdogo anasema nisikae bure miezi yote hiyo, nianze kiangazi, mwanzoni mwa Juni. Masomo ya kiangazi yapo ya wiki 8 na ya wiki 10. Nimechagua ya wiki 8 ili nipumzike kidogo kabla ya Agosti.

Kozi nilizoweka kwenye kapu la usajili ni nne: Uandishi wa Kiingereza (krediti 3), Takwimu (3), Kemia yenye maabara (4) na Anatomia na Fiziolojia ya kwanza (4). Jumla krediti 14. Kiingereza na Takwimu ni za mtandaoni, hizo nitazisoma kazini wazee wakishalala. Kemia na Anatomia ni za darasani, kwa hiyo nikitoka zamu saa moja asubuhi napanda basi, saa tatu niko darasani. Kwa kuwa muhula wenyewe ni mfupi, nimeona nitajikaza wiki 8 tu halafu basi.

Mama mdogo anasema ndiyo njia. Binti yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa anachukua kozi tano kila muhula na akafaulu zote, na yeye hakupitia A-level kama mimi. Bibi kule Sengerema ameshawatangazia majirani kwamba mjukuu wake ni nesi.

Lakini mama, usiku nikiwa kazini naangalia ile ratiba kwenye simu na moyo unaenda mbio. Usajili unafungwa baada ya wiki mbili. Nichukue zote nne? Nikipunguza, nitapoteza hela ya msaada? Na nikipunguza, nitamwambiaje mama mdogo asinione mvivu, wakati tunakula kwake na kulala kwake?

Mwana wa Sengerema, Columbus

*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa nafasi ya chuo, na pole kwa huo moyo unaoenda mbio.

Nianze na jibu, sababu zitafuata. Nne usichukue. Chukua mbili, Kiingereza na Takwimu, na zote ziwe za wiki 10 badala ya 8. Kemia isubiri Agosti. Anatomia isubiri Januari. Na kabla chuo hakijafunguliwa, omba kazini zamu zako ziwe tatu.

Kuna sentensi kwenye barua yako nimeirudia mara kadhaa, ile ya "kwa kuwa muhula wenyewe ni mfupi". Hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa, na mimi nilijikwaa hapo hapo. Muhula wa kiangazi ni mfupi kwa tarehe tu. Kozi ya krediti 3 unayoisoma kiangazi ni ile ile ya Agosti hadi Desemba: sura zile zile, insha zile zile, mitihani ile ile. Hakuna mwalimu anayekata kitabu katikati kwa sababu ni Juni. Kinachokatwa ni siku.

Chukua karatasi tupige hesabu. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani ni kwamba krediti moja ni saa moja ya darasa na angalau saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki kama 15. Kwa hiyo krediti moja inakula saa 45. Krediti zako 14 zinakula saa 630. Zigawe kwa wiki 8: karibu saa 79 kwa wiki. Ongeza saa 32 za kazi, unapata 111. Wiki nzima, mchana na usiku, ina saa 168. Zinabaki 57, yaani saa nane na dakika chache kwa siku. Ndani ya hizo ulale, uoge, upike, upande basi kwenda na kurudi, usali, umsaidie mdogo wako, uongee na mama. Ukilala saa saba tu, umebakiwa na saa moja kwa siku ya kuwa binadamu. Basi likichelewa, saa hiyo imekwenda.

Najua utaniambia kanuni ni kanuni, wapo wanaosoma chini ya hapo wakafaulu. Ni kweli wapo. Lakini wewe utakuwa unasoma kwa Kiingereza cha watu wengine, kwa mfumo usioujua, kwenye mitandao ya chuo ambayo wiki ya kwanza yote utakuwa unatafuta kazi ya nyumbani imefichwa wapi. Saa za mgeni ni nyingi kuliko za mwenyeji.

Na hapo ndipo ninapomuona dada yako tofauti na anavyomuona mama yake. Kozi tano kwa muhula wa wiki 15 au 16 ni mzigo mkubwa, nampa heshima yake. Lakini ukizipeleka kozi zako nne kwenye wiki 8, kila wiki yako inabeba karibu mara mbili ya wiki ya muhula wa kawaida. Ni kama wewe ungechukua kozi saba au nane muhula wa Agosti. Na nakuuliza, tena bila ubaya: dada yako alikuwa anafanya kazi usiku?

Sasa hilo la kusoma wazee wakishalala. Mwanangu, wazee hawalali.

Kiangazi changu cha kwanza chuoni, jimbo jingine, chuo sitakitaja, nilichukua kozi tatu za wiki 6: Kemia, Hesabu na Historia. Nilikuwa nafanya kazi kama yako. Nakumbuka wiki ya tatu, saa nane usiku, nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya chumba cha bibi mmoja aliyekuwa na tabia ya kuamka na kutaka kwenda "nyumbani". Kitabu cha Kemia kiko mapajani, nimefungua ukurasa wa kusawazisha milinganyo. Nasoma mstari wa kwanza, kengele ya chumba cha mwisho inalia. Naenda, nambadilisha mzee, nanawa mikono, narudi. Nasoma mstari ule ule. Kitanda cha bibi kinapiga king'ora. Nasimama, namshika mkono, namwimbia kidogo mpaka atulie. Narudi. Mstari ule ule. Kulipopambazuka nilikuwa bado kwenye ukurasa ule ule, na ulikuwa na alama ya duara ya unyevu pale nilipoweka kikombe. Siku hiyo kulikuwa na mtihani. Niliandika jina langu vizuri sana, na zaidi ya hapo sikuandika kitu cha maana.

Nilipata F ile kozi. Niliirudia baadaye nikafaulu, lakini F ya kwanza ilibaki kwenye transkripti, yaani rekodi ya alama zangu, na nilipoomba kuingia uuguzi nililazimika kuieleza. Ndiyo maana suala lako nimelishika kwa mikono miwili.

Jambo jingine ambalo karatasi ya usajili haikuonyeshi: wiki moja ya kozi ya wiki 6 au 8 ni sawa na karibu wiki mbili au zaidi za muhula wa kawaida. Ukiugua malaria ya kizungu, yaani mafua makali, siku tatu, umekosa sura nzima na pengine mtihani mmoja. Na siku za kufidia hazipo. Juni 19 ni sikukuu, Julai 4 ni sikukuu, vyuo vinafungwa, lakini silabasi haipungui. Tena kiangazi ndiyo wakati wenzako kazini wanaenda likizo, na bosi anakupigia simu ukiwa umelala mchana: njoo uzibe pengo, kuna ovataimu. Utasema hapana mara ngapi, na nyumbani hela inahitajika?

Sasa kwa nini Kiingereza kwanza, wakati roho yako iko kwenye Anatomia.

Kwa sababu Kiingereza cha chuo cha Marekani sicho ulichofanyia mtihani wa Kidato cha Sita. Sisi tumelelewa kwenye notisi. Mwalimu anaandika ubaoni, tunanakili, tunakariri, siku ya mtihani tunamwaga, na ukimwaga neno kwa neno kama alivyosema mwalimu unapewa alama zote. Ndugu zetu waliofika chuo kikuu pale nyumbani wana hadi neno lake, kudesa. Hapa, ukichukua sentensi mbili za kitabu ukaziweka kwenye insha bila kuonyesha ni za nani, hata kama hukukusudia ubaya, huo ni wizi, na adhabu yake huanzia sifuri ya insha hadi kufukuzwa kozi. Insha yangu ya kwanza ilirudi na mstari chini ya aya nzima, na pembeni mwalimu ameuliza: haya ni maneno ya nani? Nilidhani ananisifu. Nilidhani anaona nimesoma sana.

Kozi hiyo itakufundisha kuandika rasimu, kuirudisha, kuisahihisha, kunukuu chanzo, na kusema wewe mwenyewe unaona nini, jambo ambalo kwetu mtoto wa shule haulizwi. Ripoti zote za maabara, maelezo yote ya mgonjwa utakayoandika ukiwa mwanafunzi wa uuguzi, yanasimama juu ya hapo. Ukianza Kiingereza peke yake au na somo moja jepesi kwako, utakuwa na muda wa kwenda kwenye kituo cha uandishi cha chuo. Karibu kila chuo cha jamii kinacho, ni bure, unakaa na mtu anakusomea insha yako na kukuuliza maswali. Ukiwa na kozi nne hutakanyaga hapo hata siku moja.

Na Takwimu kwa nini? Kwa sababu PCB mlisoma BAM, ile hesabu ya ziada (Basic Applied Mathematics), na ndani ya BAM wastani, mkengeuko na uwezekano mliviona. Utaingia ukiwa na kitu mkononi. Halafu Takwimu inatumia upande mwingine wa kichwa. Jioni ukichoka kuandika, unakaa na namba, na ukichoka namba unarudi kwenye insha. Kozi mbili za kusoma kurasa mia mia kwa pamoja zingekumaliza.

Hesabu yake hii hapa. Krediti 6 ni saa 270. Kwa wiki 10, ni saa 27 kwa wiki. Kazi ikiwa zamu tatu, saa 24, jumla ni 51. Bado ni mzigo, sikudanganyi, lakini ni mzigo wa mtu mwenye kulala.

Kuhusu hizo zamu. Usiombe tu zipungue, omba zipangike. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi usiku, kama wakikubali, zinakuachia Jumatatu hadi Alhamisi mchana akili ikiwa na mwanga. Jumapili ni ya usingizi na ibada. Hata kozi ya mtandaoni ipe saa zake kama vile kuna kengele ya shule: Jumatatu saa tatu asubuhi hadi saa saba, maktaba ya mtaa, simu kwenye begi. Kozi za mtandaoni zisizo na saa ya darasa ndizo zinazoachwa mpaka Jumapili usiku, na Jumapili usiku kazi inafungwa saa sita kasoro dakika moja.

Kemia nina neno moja la ziada. Wewe umeshaisoma miaka miwili. Vyuo vingine hutoa krediti kwa masomo ya A-level, mradi cheti chako cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, kimethaminiwa na taasisi inayotambuliwa na chuo. Uliza ofisi ya udahili: mnapokea tathmini ya nani, na A-level mnaihesabuje? Tathmini huchukua wiki kadhaa, hivyo ukiipeleka sasa, majibu yanaweza kukukuta kabla ya Agosti. Ingeuma sana ulipie Kemia, uikeshee kiangazi chote, halafu uambiwe ulikuwa na haki ya kusamehewa.

Anatomia iachie heshima yake. Vyuo vingi huchagua wanafunzi wa uuguzi kwa kuangalia alama za sayansi, na Anatomia na Fiziolojia ndiyo wanayoitazama kwa macho makali. Baadhi wanaweka kikomo cha mara ngapi unaruhusiwa kuirudia. Mifupa 206, misuli kwa mamia, neva, kisha fiziolojia ya vyote hivyo, na maabara ya kuonyeshwa kitu kimebandikwa pini ukitaje. Hiyo si kozi ya kujaribia mfumo mpya.

Tuje kwenye hela, maana uliuliza na ni haki yako kuogopa.

Kwa misaada ya serikali kuu, krediti 12 ni mwanafunzi wa muda wote na 6 ni nusu. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, inalipwa kwa kadiri ya krediti: ukichukua 6 unapata nusu ya ile ya muda wote kwa muhula huo. Kwa hiyo ndiyo, ukichukua mbili utapata kidogo kuliko nne, lakini na ada itakuwa ndogo. Chini ya krediti 6 mkopo wa serikali haupo, ndiyo sababu nyingine sikukuambia uchukue moja. Kuna swali moja la lazima kumuuliza mtu wa ofisi ya misaada, ana kwa ana: kiangazi hiki mnakihesabu kwenye mwaka gani wa FAFSA? Mwaka wa FAFSA huanza Julai 1 ukaishia Juni 30, na muhula wako unakaa juu ya mpaka huo. Chuo ndicho kinachoamua uingie upande upi. Kama ni mwaka unaokwisha, fomu uliyojaza iwe ya mwaka huo. Nimeona watoto wamejaza ya mwaka mmoja tu, na Juni wanaambiwa hela haipo.

Lakini kinachokula hela ya watu hasa ni kuanza na nne ukamaliza na mbili. Sikiliza vizuri hapa. Ili uendelee kupata msaada, chuo hupima maendeleo yako. Kwa vyuo vingi, wastani wa alama zako (GPA) usishuke chini ya 2.0 na uwe umemaliza angalau asilimia 67 ya krediti ulizoanza. Ukisajili 14, wiki ya nne ukashindwa, ukajiondoa Kemia na Anatomia, umebaki na 6 kati ya 14. Hiyo ni asilimia 43. Hata kama hizo mbili umepata A, muhula wako wa kwanza kabisa umeuanza kwa barua ya onyo. Ukianza na 6 ukamaliza 6, ni asilimia 100. Mtu yule yule, kazi ile ile, kozi zile zile mbili alizofaulu.

Na ukizidiwa ukajiondoa kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, ambayo kwa wiki 8 ni karibu mwisho wa wiki ya tano, sehemu ya msaada inarudishwa serikalini, na chuo kinaweza kukudai wewe pengo hilo. Pell nayo ina kikomo cha maisha, sawa na miaka 6 ya muda wote. Ulichokula kwenye kozi uliyoanguka hakirudi.

Kwa hiyo siku silabasi zikitoka, andika tarehe mbili ukutani. Ya kwanza ni siku ya mwisho ya kuacha kozi bila alama na ada ikarudi. Kiangazi siku hiyo huja haraka mno, mara nyingi ndani ya siku chache za mwanzo. Ya pili ni siku ya mwisho ya kujiondoa kwa W, ile alama inayoonyesha ulijiondoa. Usikubali mtu akwambie "utaona mbele ya safari". Mbele ya safari mlango umefungwa.

Kwa msomaji mwingine anayesoma hapa akiwa na viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, usinakili ushauri huu ulivyo. Ambaye kiangazi ndiyo muhula wake wa kwanza Marekani kwa viza hiyo analazimika kuwa wa muda wote. Zungumza na afisa wa wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako, na kama una hiari ya kuanza Agosti, mimi ningeanza Agosti.

Nimebakiza mama mdogo, na najua hili ndilo limekufanya uandike.

Mwanangu, usimwendee na neno "siwezi". Mama mdogo hakukosea kukuhimiza. Aliyekupokea wewe, mama yako na mdogo wako, akakutafutia mpaka chuo, anakupenda. Anachoogopa ni kukuona umenasa kwenye kazi ya usiku miaka kumi, kama alivyowaona wengine hapo Columbus wakisema "mwakani nitasoma". Hofu yake ni ya kweli, na wengi imewakuta. Ukimwambia umechoka, atasikia mwakani nitasoma.

Mwendee Jumapili mkiwa mmekula, mkiwa na mama yako pale pale, na karatasi yenye namba tatu. Sita kiangazi, kumi na mbili Agosti hadi Desemba, kumi na mbili Januari hadi Mei. Jumla 30 kwa mwaka. Shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii kwa kawaida ni krediti 60. Mwambie, "Mama mdogo, kwa mwendo huu baada ya mwaka nitakuwa na nusu, na zote nikiwa nimefaulu." Hapo haitajiki popote kwamba umepunguza, kwa sababu kweli hujapunguza kitu.

Kisha mwambie na hili, ambalo huenda halijui: mafunzo yenyewe ya uuguzi, yale ya hospitali, huingii siku unayotaka. Kuna maombi, kuna tarehe, na vyuo vingi hupokea kundi mara moja au mbili kwa mwaka. Hata ukimeza Kemia na Anatomia kwa wiki 8, utakaa kwenye foleni ile ile na wenzako, ila wao watakuwa wameshika A mkononi na wewe C. Muombe mwende wote. Kweli, nenda naye kwa mshauri wa masomo, akae kiti cha pembeni, asikie mwenyewe. Mtu mzima akishirikishwa anakuwa wakili wako. Akikuta umeamua peke yako, ni vigumu kumrudisha.

Na dada yako usimfanye mpinzani. Muulize anakumbuka walimu gani wa Kiingereza wanaosoma rasimu za wanafunzi kwa makini. Hiyo ni habari ambayo hutaipata kwenye tovuti ya chuo.

Leo usiku ukifika kazini, kabla hujavaa glovu, fungua lile kapu la usajili kwenye simu uziondoe Kemia na Anatomia. Zile mbili zilizobaki zibadilishe ziwe za wiki 10 kabla nafasi hazijajaa. Ukishapata silabasi ya Kiingereza, niandikie uniambie insha ya kwanza ni ya nini.

Msalimie mama. Na bibi Sengerema mwambie majirani wasubiri kidogo, sherehe ipo.